Maziwa ya Mtoto Saa za Kazi

SWALI: Daktari, likizo yangu ya uzazi ya miezi mitatu imekwisha. Naishi Kangemi na kazi yangu iko katikati ya jiji. Meneja ananiambia nikamulie maziwa chooni. Nifanyeje?

JIBU: Mama, chooni hapaandaliwi chakula cha mtu yeyote. Sheria ya Afya ya Kenya ya 2017, vifungu vya 71 na 72, inamtaka mwajiri atenge chumba cha kunyonyeshea kisicho choo, chenye viti, meza, soketi ya umeme, jokofu na mahali pa kunawa mikono. Tena una haki ya mapumziko ya kukamua, yasiyozidi saa moja kwa kila saa nane, mbali na muda wa chakula, na yanahesabiwa kuwa saa za kazi. Andika barua ukitaja vifungu hivyo, ubaki na nakala.

Kamua kila baada ya saa tatu hivi. Maziwa freshi hukaa saa nne nje, siku nne kwenye jokofu. Foleni ya Waiyaki Way unaporudi nyumbani isikutishe: kwenye kibegi chenye pakiti za barafu maziwa hudumu saa 24. Nyumbani yapashe kwa maji ya uvuguvugu, usiyachemshe.

Usimwachishe mtoto ziwa kwa ajili ya meneja. Dai chumba chako.