SOMO: KUBADILI AINA YA HERUFI KATIKA KITABU CHENYE KURASA NYINGI

Mtumishi anayetayarisha ripoti, mwongozo au kitabu kwa kompyuta huweza kuagizwa kubadili aina ya herufi, yaani fonti, wakati kazi imekwisha kupangwa. Kazi hiyo huonekana nyepesi, kwa kuwa mtu hudhani ni kuteua maneno yote na kubonyeza mara moja. Somo hili linaeleza kwa nini njia hiyo haifai, na linaonesha utaratibu ulio salama.

Tuchukue mfano wa kitabu chenye kurasa 192 kinachosimulia historia ya Shirika la Elimu Kibaha, katika Mkoa wa Pwani. Shirika hilo lilitokana na mradi wa mwaka 1963 baina ya Tanganyika na nchi za Denmark, Finland, Norway na Sweden, uliojumuisha shule ya sekondari, kituo cha afya na mafunzo ya wakulima, na ambao ulikabidhiwa kwa Serikali ya Tanzania mwaka 1970. Kitabu cha namna hiyo kitakuwa na vichwa vya habari, majedwali, maelezo ya picha, na majina ya kigeni yenye herufi kama å, ø, ä na ö. Mwenye kuteua yote na kubadili kwa pamoja hupoteza tofauti zilizowekwa kwa makusudi. Kichwa cha habari hufanana na aya, na alama za jedwali zilizotokana na fonti maalumu hugeuka herufi zisizo na maana.

Hatua ya kwanza ni kuhifadhi nakala ya faili la asili mahali pengine, na kuchapa kurasa zake kwa ajili ya kulinganisha.

Hatua ya pili ni kuorodhesha fonti zote zilizomo na kazi ya kila moja. Programu ya InDesign, iliyotoka mwaka 1999 na kurithi nafasi ya PageMaker, ina amri inayozionesha fonti zote za waraka, pamoja na zile zinazokosekana katika kompyuta. Mara nyingi hugundulika kuwa nafasi moja tu iliyosahauliwa baina ya maneno mawili ndiyo inayobeba fonti isiyotakiwa.

Hatua ya tatu, nayo ndiyo kiini cha somo hili, ni kubadili mtindo wala si maneno. Mtindo ni kanuni iliyopewa jina, kwa mfano "Aya", "Kichwa Kikuu" au "Maelezo ya Picha". Kanuni ikibadilishwa mara moja, kila mahali inapotumika hufuata. Ikiwa kitabu kilipangwa bila mitindo, ni afadhali kutumia siku moja kuiweka kwanza. Herufi nzito na za mlazo nazo zipewe mitindo yao, ili msisitizo wa mwandishi usipotee. Sehemu zilizoandikwa kwa hati ya Kiarabu zitengwe, kwani fonti nyingi za Kilatini hazina herufi hizo.

Hatua ya nne ni kukagua alama. Katika Kiswahili ritifaa ni sehemu ya tahajia, wala si pambo. Ng'oa si ngoa, na mkaazi wa Ng'ambo hatafurahi kuona jina la mtaa wake limeharibika. Pale ambapo fonti mpya haina alama inayohitajika, hutokea kisanduku kitupu au herufi ya kuazima. Mafaili ya zamani yaliyotengenezwa kabla ya mfumo wa Unicode kuenea yahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu namba ile ile iliweza kuwakilisha herufi tofauti katika kompyuta tofauti. Kwa hiyo tafuta ng', å, ø, ½ na alama za fedha moja moja.

Hatua ya tano ni kupima nafasi. Fonti mbili zenye ukubwa ule ule wa pointi hazijazi mstari sawasawa. Times New Roman, iliyotengenezwa kwa gazeti la The Times la London na kuanza kutumika humo mwaka 1932, hubana maneno mengi katika safu. Fonti nyingine hutanuka. Maandishi yakiongezeka kwa asilimia 3 tu, kurasa zetu 192 zitakuwa takriban 198. Kama mpiga chapa hutumia karatasi inayokunjwa kuwa kurasa 16, zile 192 zilitosha karatasi 12 kamili. Sasa itahitajika ya 13 katika kila nakala, na kurasa 10 zitabaki tupu. Hapo fedha za umma zimepotea kwa sababu ya umbo la herufi.

Hatua ya sita ni kusahihisha yanayofuatana na mabadiliko hayo. Yaliyomo na faharasa zitengenezwe upya, na kila penye "tazama ukurasa wa" pahakikiwe. Ukataji wa maneno mwishoni mwa mstari ufuate silabi za Kiswahili. Programu iliyoachwa katika lugha ya Kiingereza huweza kukata "wananchi" pasipostahili.

Mwisho, kitabu kisomwe chote kwenye karatasi na mtu ambaye hakukipanga, akiwa na nakala ya zamani mkononi. Tarakimu za ada, tarehe za mwisho na majina ya watu zisomwe kwa sauti. Mwananchi anayesafiri kutoka shamba kwa kutegemea tarehe iliyochapwa hana njia ya kujua kuwa tarakimu moja ilipotea wakati herufi zikipambwa. Mtambo hubadili sura ya maandishi kwa dakika moja. Dhamana ya usahihi wake hubaki kwa mtumishi aliyeyatayarisha.