Somo: Sukari Iliyomo katika Ute wa Kahawa

Kahawa ya Mbinga ikishamenywa, punje zake hubaki na ute. Miongoni mwa sukari zilizofungamana katika ute huo imo galaktosi. Wakati wa kuvundika, hamira na bakteria huuvunja. Chembe hai zenye uwezo huo huibandika galaktosi fosfati, kisha huigeuza kuwa glukosi yenye fosfati, zipate nguvu. Njia hiyo ilichunguzwa na Luis Leloir wa Argentina, aliyetunukiwa Nobeli ya Kemia mwaka 1970.

Sukari zikitumika, asidi huongezeka. Kahawa ikicheleweshwa tangini huchacha, na daraja hushuka. Baridi nayo hupunguza kasi ya kazi hiyo. Hivyo kuhesabu saa pekee hakutoshi. Punje zisuguliwe mkononi: zikikwaruza kama changarawe, zioshwe mara moja.