Tumbo Imara, Kiuno Salama

Mtazame mtu anayenyanyua ndoo ya lita 20 bombani. Magoti ameyanyoosha, mgongo umepinda, na mikono imeifuata ndoo mbali na mwili. Ndoo ikiwa bado inaning'inia, anazungusha kiuno ili aiweke kando. Hapo ndipo wengi hupatwa na ule mchomo wa ghafla. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo ndoo iliyojaa inapita kilo 20, na kadiri unavyoishika mbali na kifua ndivyo mgongo unavyozidi kuelemewa.

Uti wa mgongo ni pingili zilizopandana, na baina ya pingili nyingi kuna kitu mfano wa mto mdogo. Zinazouweka imara ni nyama zinazouzunguka. Misuli ya ndani ya tumbo hukizunguka kiwiliwili kama mshipi, na mingine midogo hupita kando ya uti wenyewe. Juu kuna msuli wa kupumulia, na chini kuna ile unayoibana unapozuia mkojo. Yote hiyo ikilegea, kazi huangukia kiuno peke yake.

Weka vidole ubavuni, juu kidogo ya mfupa wa nyonga, kisha kohoa. Umehisi panavyokaza? Huo ndio mshipi wako. Kuukaza si kuvuta tumbo ndani hadi pumzi ikatike. Kaza kidogo tu, kama mtu anayejua anakaribia kutekenywa, huku ukiendelea kupumua.

Sasa rudi bombani. Isogelee ndoo mpaka iwe katikati ya miguu. Tanua miguu, kunja magoti na nyonga, kaza tumbo, kisha inuka ukitoa pumzi, ndoo ikiwa karibu na mwili. Ukitaka kugeuka, geuza miguu. Na kama kuna ndoo za lita 10, chota mbili, moja kila mkono. Mtoto asibebeshwe ndoo ya mtu mzima.

Fagio la chelewa nalo lina lake. Anayefagia uwanja nusu saa akiwa ameinama anauchosha mgongo bila kubeba chochote. Lifungie mpini mrefu, ni kazi ya dakika tano. Beseni la kufulia liweke juu ya kigoda au meza, usifue ukiwa umeinama chini.

Kuhusu kukaa, wengi tulifundishwa shuleni tukae wima kama mlingoti. Ukweli ni kwamba hakuna mkao mmoja unaoufaa mwili kutwa nzima. Fundi cherehani, dereva wa bodaboda, mwenye duka na kijana aliyeinamia simu wanahitaji kitu kilekile: kuinuka kila baada ya nusu saa hivi, kunyoosha mwili na kutembea hatua chache.

Mama aliyejifungua hufungwa tumbo kwa kanga, na wengi huona nafuu. Lakini kanga hushikilia tu, haiipi misuli nguvu. Anza kwa kupumua taratibu na kubana misuli ya chini, na uongeze kidogo kidogo. Aliyefanyiwa upasuaji amuulize kwanza muuguzi au daktari wake.

Mazoezi yenyewe yanataka mkeka na dakika kumi, angalau siku tatu kwa wiki. Lala chali, kunja magoti, inua makalio hadi mwili unyooke kutoka mabegani hadi magotini, hesabu hadi tano, shusha. Fanya hivyo mara kumi. Kisha piga magoti na uweke viganja chini, nyoosha mkono wa kulia mbele na mguu wa kushoto nyuma bila kiuno kuyumba, halafu badili. Zoezi hili la pili ndilo ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu hata bibi wa miaka 70 anaweza kulianza kwa kunyoosha mguu tu.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2020 watu milioni 619 walikuwa na maumivu ya kiuno. Wengi wa wenye maumivu haya hawana kitu kilichovunjika wala ugonjwa mkubwa. Kulala kitandani wiki nzima huwachelewesha kupona, ilhali kutembea na kufanya kazi nyepesi huwasaidia.

Wapo, hata hivyo, wasiopaswa kusubiri. Maumivu yenye homa, kukonda au kutokwa jasho usiku yapimwe kituo cha afya mapema, kwa kuwa kifua kikuu hushambulia hata uti wa mgongo. Vivyo hivyo maumivu yaliyoanza baada ya kuanguka au ajali. Na mtu akifa ganzi sehemu za siri, akashindwa kuzuia mkojo au choo, au miguu ikaishiwa nguvu, msimkande, msimpeleke kwa mvuta viungo. Mpelekeni hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane.