Mpimeni mtoto presha ya mkono na ya mguu

SWALI: Daktari, mjukuu wangu ana miezi minne. Hanyonyi vizuri, akinyonya anatokwa jasho kichwani, na uzito hauongezeki. Wamempiga eko ya moyo wakasema aota imebana, anahitaji kupasuliwa. Kaka yake alifariki akiwa na siku tisa, tukaambiwa ni maambukizi. Je, ni ugonjwa mmoja? Na kitoto hiki kitastahimili kisu? Wengine wanatushauri tungoje anenepe kwanza. – Bibi wa Kigobe, Bujumbura

JIBU: Mama, pole kwa msiba, na pole kwa hofu mliyo nayo sasa. Nianze na la kisu, kwa kuwa ndilo lisilongoja. Watoto wadogo kuliko yeye, hata wa siku chache, hupasuliwa kwa tatizo hili, na walio wengi hupona. Msingoje anenepe. Aota hiyo iliyobana ndiyo inayomzuia kunenepa.

Aota ni mshipa mkuu unaotoa damu kwenye moyo. Hupanda kifuani, hupinda kama mpini wa mwavuli, kisha hushuka kuelekea tumboni na miguuni. Kwenye mpindo ndipo inapochipuka mishipa ya kichwa na mikono, na aota ikibana, kwa kawaida hubana karibu na mwisho wa mpindo huo. Basi kichwa na mikono hupata damu kwa nguvu kupita kiasi, huku figo na miguu vikipungukiwa. Moyo hausukumi damu tu, unapigana na kizuizi usiku na mchana, ndiyo maana kunyonya peke yake kunamchosha mtoto hadi jasho. Kasoro hii huwapata takriban watoto 4 katika kila 10,000 wanaozaliwa. Iko nyingine adimu zaidi, ambapo mpindo umekatika kabisa: takriban watoto 2 katika kila 100,000.

Sasa la kaka yake. Mtoto akiwa tumboni, mshipa mdogo huunganisha mshipa wa mapafu na aota, na damu hupita hapo bila kuhitaji mapafu. Akishazaliwa, njia hiyo hujifunga yenyewe katika siku chache za mwanzo. Kwa mtoto mwenye aota iliyokatika au iliyobana sana, hiyo ndiyo iliyokuwa ikilisha nusu ya chini ya mwili. Ikifungwa, miguu inapoa, mkojo unakatika, mtoto anahema mbio na rangi inageuka kijivu. Kwa macho, hali hiyo haina tofauti na maambukizi ya damu, na wahudumu wengi duniani hudhani hivyo. Bila eko siwezi kusema ndicho kilichomchukua mjukuu wako. Ninachoweza kusema ni kwamba kwa kawaida kasoro ya namna hii haitokani na jambo ambalo binti yako alilifanya, au aliliacha. Ipo dawa iitwayo prostaglandini, hupitishwa kwenye mshipa na kuifungua tena ile njia mpaka mtoto afike kwa mpasuaji. Lakini inaweza kusimamisha pumzi, hivyo hutolewa penye mashine ya kupumulia.

Linaloniuma ni kwamba dalili ya kwanza haihitaji mashine. Weka vidole kwenye kinena cha mtoto. Mapigo yakiwa hafifu au hayapo, wakati ya mkononi yanagonga vizuri, kuna jambo. Kisha pimeni presha ya mkono wa kulia na ya mguu: ya mguu ikipungua kwa 20 au zaidi, mtoto apelekwe eko. Mkono uwe wa kulia, kwa sababu mshipa wa kushoto wakati mwingine huchipuka pale pale palipobana. Natamani kila mtoto apimwe hivi kabla hajatoka wodi ya wazazi.

Upasuaji wenyewe si wa kubahatisha. Mpasuaji Clarence Crafoord alikwisha kuufanya Stockholm mwaka 1944. Mpasuaji huingia kati ya mbavu za kushoto, hukata kipande kilichobana na kushona ncha mbili pamoja, mara nyingi bila kuusimamisha moyo. Mpindo uliokatika ni kazi kubwa zaidi: kifua hufunguliwa mbele, mashine hufanya kazi ya moyo na mapafu, na mara nyingi kuna tundu la kuziba ndani ya moyo.

Kwa familia za Bujumbura, safari ya namna hii huwa ya nje ya nchi. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, na ile ya Mulago, Kampala, hupasua mioyo ya watoto. Msamaha wa gharama kwa walio chini ya miaka 5, ulioanza Burundi mwaka 2006, ni wa matibabu ya humu nchini, kwa hiyo mwombeni daktari wenu barua ya rufaa na picha za eko mapema, ili hesabu ya safari ianze sasa. Aeleze pia kama kuna tundu, na vali ya aota ikoje. Huku nyuma mtoto anyonye kidogo kidogo mara nyingi, na chanjo zisikatizwe.

Akishapona, mshipa unaweza kubana tena na presha ikapanda hata ukubwani, hivyo apimwe maisha yake yote. Na binti yako akishika mimba tena, aseme mapema kuhusu watoto hawa wawili, aombe eko ya moyo wa mtoto kati ya wiki ya 18 na ya 22, na apange kujifungulia penye daktari wa watoto.