Samaki wa Bonane: ndimu haitoshi, moto ndio unamaliza kazi

Kijitabu cha afya kwa nyumba za Bukavu

Bonane ikikaribia, parsele nyingi za mji wetu, kuanzia Bagira hadi Panzi, hutoa mbabula nje. Samaki wamelowekwa katika ndimu, kitunguu saumu, tangawizi na pilipili, makala yanashika moto, watoto hawatoki karibu. Hatuandiki ili kuzima furaha hiyo. Tunataka wote waliokula pamoja waamke wazima kesho yake.

Sokoni

Sambaza tunayemwona kuwa wetu wa tangu zamani alitolewa Ziwa Tanganyika, akatiwa Kivu mwaka 1959. Wavuvi humvua usiku kwa taa, na asubuhi amefika sokoni. Ni mdogo, anafaa zaidi kukaangwa. Wa kuchoma kwa makala ni tilapia, au tomson wa baharini anayetufikia akiwa amegandishwa.

Tilapia mzuri ana macho maangavu, matamvua mekundu, na nyama inayorudi ukiibonyeza kwa kidole. Mnunue mwisho, ukishapata ndizi na mboga, ili asikae juani katika kikapu.

Tomson anahitaji uangalifu wa pekee. Yeye na ndugu zake, kama makrel na jodari, wakikaa katika joto, bakteria hutengeneza histamini ndani ya nyama. Mtu akila, muda mfupi baadaye uso unakuwa mwekundu, kichwa kinauma, mwili unawasha, mdomo unachoma kana kwamba amekula pilipili nyingi. Moto hauiondoi histamini, hata samaki akiungua. Kwa hiyo tomson aliyeyeyuka na kukaa saa nyingi kwa sababu umeme umekatika, usijaribu kumwokoa kwa viungo vikali. Mtupe. Tunajua amenunuliwa kwa pesa iliyotafutwa kwa jasho, na bado tunasema mtupe.

Kuloweka

Osha samaki kwa maji yaliyochemshwa au yaliyotiwa klori. Usimsuuzie ziwani. Mwezi wa Julai 1994, kipindupindu kiliua maelfu ya wakimbizi huko Goma, kwenye ziwa hili hili, na hata leo ugonjwa huo unarudi mara kwa mara katika jimbo letu.

Watu wengi wanaamini kwamba ndimu "inaivisha" samaki. Ni kweli nyama inabadilika rangi na kuwa nyeupe, lakini vijidudu na minyoo vinaweza kubaki hai ndani yake. Ndimu inaleta ladha, haichukui nafasi ya moto.

Sasa soma hapa polepole, maana hapa ndipo nyumba nyingi zinakosea. Mchuzi uliomlowekea samaki mbichi umeshachukua vijidudu vyake. Mtu anachovya brashi au jani la kitunguu humo, anampaka samaki aliyekwisha kuiva, kisha anampakulia mgeni. Vijidudu vilivyouawa na makala vimerudishwa kwa mkono wa mpishi mwenyewe. Dawa yake ni rahisi: ukimaliza kusaga viungo, kabla samaki hajaguswa, tenga bakuli moja la kupaka mwishoni na la kuweka mezani. Kama hukutenga, chemsha ule mchuzi mpaka utokote vizuri, au umwage.

Sahani nayo ni vilevile. Iliyobeba samaki mbichi isipokee aliyeiva mpaka ioshwe kwa sabuni, pamoja na kisu, ubao na mikono.

Nusu saa hadi saa moja inatosha kwa tilapia aliyechanjwa ubavuni. Akizidi hapo katika ndimu, nyama inalegea na kushika kwenye wavu wa chuma. Tumia bakuli la plastiki au la kioo, mfunike, mweke kwenye friji au katika glasiere yenye barafu. Kama utatia kube, punguza chumvi, kwa maana kube yenyewe ni chumvi tupu, na mezani hawakosi wazee wenye presha.

Mbabula

Desemba ni wakati wa mvua. Mvua ikianza, kishawishi ni kuiingiza mbabula sebuleni au chini ya veranda iliyozibwa kwa turubai. Usifanye hivyo. Makala yanatoa monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na rangi wala harufu, na yanaendelea kuitoa hata moshi ukiisha. Watu wanaumwa kichwa, wanalegea, wanalala, wengine hawaamki. Tafuta kibanda kilicho wazi pande zote, au subiri mvua ipite. Usiku pia, usilale na mbabula chumbani ili kupata joto.

Usiwashe makala kwa mifuko ya plastiki wala kwa petroli. Subiri ndimi za moto zitulie na makala yafunikwe na majivu meupe, ndipo uweke samaki. Ukiharakisha, ngozi inaungua na nyama ya ndani inabaki mbichi. Ili kujua ameiva, fungua kwenye uti wa mgongo: nyama iwe nyeupe mpaka ndani, iachane na mfupa bila kuvutwa, na damu isionekane. Sehemu iliyoungua kuwa nyeusi iondoe.

Aliyeiva asikae nje zaidi ya saa mbili. Mgeni atakayechelewa umtengee mbichi kwenye barafu, umchomee akifika.

Mtu akiharisha

Choo kikiwa kama maji ya mchele, usingoje kesho, mpeleke mgonjwa kituo cha afya. Wakati mnajiandaa na mkiwa njiani, mnyweshe kidogo kidogo maji ya chumvi na sukari. Kama hamna pakiti iliyotayarishwa ya chumvi na sukari hiyo, tia katika lita moja ya maji safi vijiko 6 vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko viwe vya kusawazishwa. Akitapika, ngoja dakika 10, kisha uendelee polepole. Mtoto anayenyonya asiachishwe ziwa.