SOMO LA KAZI YA MIKONO: KUONDOA GADEBU YA NYUMA YA MOTO BILA KUHARIBU RANGI



Mwezi huu tunawaletea somo la kazi ya mikono. Pengine mtu atauliza: Je, moto ina kazi gani katika gazeti la shule? Jibu letu ni hili: hapa Kabimba wengi wetu tunasoma juu ya moto. Baba au kaka anabeba abiria na mizigo mpaka Kalemie na kurudi, jioni anahesabu franka zilizobaki, na humo ndimo inamotoka feza ya shule. Basi moto ikioza, masomo ya mtu nayo yanaanza kuoza.

Gadebu ni lile bamba lililo juu ya gurudumu, linalozuia matope yasimrukie mpandaji. Ndugu zetu wa ng'ambo ya ziwa, kule Kigoma, wanaliita madigadi. Ya nyuma ndiyo inayosumbua kuliko ya mbele, kwa sababu imefichwa chini ya kiti, na taa na nyaya zimefungwa juu yake.

I. KOSA LETU

Tuanze na kosa letu, maana somo hili tumelinunua kwa aibu.

Jumamosi moja sisi watano wa darasa la mwisho tulijitolea kumsaidia papa wa mwanafunzi mmoja wa darasa la chini. Gadebu ya moto yake ilikuwa imepasuka karibu na bulo, naye alitaka kuipeleka kwa fundi wa kuchomelea. Tulimwambia: "Papa, hii ni kazi ya nusu saa tu." Akatuachia moto, akaenda shamba.

Kweli tulimaliza kwa nusu saa. Lakini moto ile ilikuwa imebeba saruji juzi yake, na sisi tuliipangusa kwa tambara kavu. Rangi nyekundu ikajaa mikwaruzo kama uso uliochanwa na paka. Tena hatukuwa na kle inayofaa, tukashika bulo kwa pensi. Pensi iliteleza mara tatu, na mara tatu ilifika kwenye chuma. Mwishoni tulivuta gadebu kwa nguvu, na ukingo wake ukachora mstari mrefu juu ya shasi.

Mmoja wetu akasema: "Tupake mafuta ya injini hapo. Itang'aa, papa hataona mpaka mvua ipite." Tukanyamaza. Hakuna aliyekataa. Ndipo tulipogeuka na kumwona mtoto wa mwenye moto, yule mdogo wa darasa la chini, amesimama na ndoo ya maji mkononi. Alikuwa amesikia yote. Hakusema neno, alituangalia tu. Kila asubuhi ni sisi tunaompanga yeye na wenzake kwenye mstari, na ni sisi tunaoandika majina ya wanaosema uongo.

Basi hatukupaka mafuta. Tulimngojea papa mpaka aliporudi, tukamwonyesha kila mkwaruzo kwa kidole. Alizunguka moto mara mbili. Kisha akasema: "Watoto, hii moto ndiyo shamba langu. Mumefanya vizuri kunionyesha leo. Mvua ikikuta chuma wazi, inakula, na mimi singejua." Alimwita jirani yake, fundi mzee, atufundishe upya pale pale. Na sisi kwa Jumamosi nne tulichota mchanga wa kuuza, tukanunua rangi.

Yanayofuata ni yale tuliyofundishwa siku ile, pamoja na yale tuliyoyatafuta katika madaftari yetu ya fizika na kemia.

II. KWA NINI RANGI NI KITU KIKUBWA

Wengi wanadhani rangi ni urembo. Sivyo. Rangi ni nguo ya chuma. Katika kemia tumejifunza kwamba chuma kikikutana na oksijeni na maji pamoja, kinageuka kutu. Kimoja peke yake hakitoshi. Rangi inazuia vyote viwili visikifikie.

Tena kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Ndiyo sababu mkwaruzo mdogo haukai mdogo. Kutu inaingia chini ya rangi, inavimba, inainua rangi iliyo nzima pembeni, na maji yanapata njia mpya. Bandu bandu huisha gogo. Na sisi tunaokaa kando ya ziwa tunajua unyevu wa hewa yetu, hasa wakati wa mvua.

III. VYOMBO VINAVYOHITAJIWA

Kle za duara za namba 10, 12 na 13, turnevisi inayojaa sawasawa katika kichwa cha visi, matambara safi, maji mengi na sabuni, mafuta kidogo ya injini yaliyochanganywa na mazutu, skochi ya karatasi, ile ya mafundi wa rangi, wembe, sahani ya kuwekea bulo, na mtu wa pili. Huyo mtu wa pili msimsahau, kwa maana yeye ni chombo kuliko vyote.

Pensi iacheni nyumbani. Kle ya duara inashika kichwa cha bulo pande zote sita, lakini pensi inashika mahali pawili tu, na ikiteleza inakwenda moja kwa moja kwenye rangi.

IV. HATUA ZA KUONDOA

1. Kuosha. Simamisheni moto juu ya stendi yake, mahali pa sawa. Mwageni maji mengi kwanza, bila kugusa. Vumbi la saruji na mchanga ni kama msasa: ukipangusa kavu, unasugua rangi mwenyewe. Tena msimwage maji kidogo na kuyaacha, kwa sababu saruji iliyolowa inagandama. Yakisha kuondoka mavumbi, ndipo sabuni na tambara.

2. Kulegeza kutu. Tieni yale mafuta na mazutu juu ya kila bulo iliyoshika kutu, mngoje robo saa au zaidi. Hapa ndipo haraka haraka inapokosa baraka. Angalisho: mafuta ya breki msiyatumie hata kidogo. Yanayeyusha rangi. Yakidondoka, osheni mara moja kwa maji.

3. Kuondoa kiti na umeme. Fungueni kiti, mkiweke mbali juu ya gunia. Halafu fungueni waya wa batri, ule wa hasi kwanza. Kwa nini hasi? Kwa sababu shasi yote imeungwa na hasi. Ukianza na chanya, na kle ikagusa shasi, cheche itaruka. Kisha tenganisheni nyaya za taa ya nyuma na za taa za kona. Kila waya fungeni kiuzi cha alama, msitumaini kichwa.

4. Kuvika shasi. Bandikeni skochi ya karatasi pande zote mbili ambapo gadebu itapita, na kwenye kingo za gadebu yenyewe. Juu yake funikeni tambara. Msiache skochi juani siku nzima, maana gundi yake itabaki juu ya rangi.

5. Kukata rangi ya bulo. Hii hatukuijua kabisa. Mara nyingi rangi imeshikamanisha rondeli na bamba. Ukizungusha bulo, rondeli inang'oa rangi ya pembeni kama ganda la yai. Kwa hiyo piteni kwanza na wembe polepole kuizunguka rondeli, mkate rangi hapo tu.

6. Kulegeza bulo. Wekeni tambara nyuma ya kle, upande wa rangi. Legezeni bulo zote nusu nusu kwanza, msitoe moja kabisa wakati nyingine zimekaza, kwa sababu uzito wote utainamia upande mmoja. Bulo ikikataa, irudisheni kidogo mbele, halafu nyuma, mara nyingi. Bulo inayolia inaomba mafuta, haiombi nguvu.

7. Kutoa. Mtu mmoja ashike gadebu kwa mikono miwili, mwingine atoe bulo za mwisho. Katika moto nyingine gadebu inashuka kati ya vyuma vya shasi na kutoka nyuma. Katika nyingine haitoki mpaka gurudumu la nyuma litolewe. Ikigoma msivute. Angalieni tena: kuna bulo mliyosahau, au waya. Ikitoka, ilazeni juu ya gunia, upande wa rangi juu.

V. KURUDISHA

Mahali popote chuma kinapoonekana, sugueni kwa msasa laini mpaka king'ae, pangusheni kikauke, pakeni rangi ya kuzuia kutu, halafu rangi yenyewe. Fanyeni siku ile ile. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Chini ya kila rondeli wekeni kipande cha duara kilichokatwa katika shambrea ya zamani, ili chuma kisisage rangi wakati moto inatetemeka njiani. Pakeni girisi kidogo kwenye uzi wa bulo, ili siku nyingine itoke bila vita. Anzisheni bulo zote kwa vidole, ndipo mtumie kle. Nyaya zifuateni kwa alama zenu, na waya wa hasi wa batri uwe wa mwisho.

Msikaze kupita kiasi. Hapa fizika inatusaidia. Bulo ya milimita 6, ambayo kwa kawaida inachukua kle ya 10, inatosheka na nyutoni-meta 10 hivi. Ukishika kle kwa umbali wa sentimita 10 toka kwenye bulo, unahitaji nyutoni 100, karibu uzito wa kilo 10. Lakini ukichukua kle ndefu na kushika kwa sentimita 30, nguvu ile ile ya mkono inakuwa nyutoni-meta 30. Mara tatu! Bulo inakatika, au bamba linapasuka. Pengine gadebu ya papa yule ilipasuka kwa njia hiyo.

VI. NENO LA MWISHO

Kazi ile kwa njia nzuri ilituchukua asubuhi nzima. Tukihesabu nusu saa ya kwanza pamoja na Jumamosi nne za mchanga, tunaona ni ipi iliyokuwa fupi. Moto ile bado inakwenda Kalemie. Mahali pale patatu rangi yetu ni nyekundu zaidi kuliko ya zamani, kila mtu anapaona, na sisi tukipishana nayo barabarani tunapaona wa kwanza.

Yule mdogo wetu naye anasoma. Juzi alituomba tumwonyeshe jinsi ya kushika kle. Tulimwambia: "Leta ndoo ya maji kwanza."

MASWALI YA KUJIKUMBUSHA

1. Kwa nini vumbi la saruji halipanguswi kavu?
2. Taja vitu viwili vinavyohitajiwa ili kutu ipatikane.
3. Kwa nini tunaanza na waya wa hasi wa batri?
4. Bulo inahitaji nyutoni-meta 10. Ukishika kle kwa umbali wa sentimita 20, mkono utatoa nyutoni ngapi?
5. Ungekuwa pamoja nasi siku ile, ungesema nini juu ya mafuta ya injini? Jibu hili msituletee. Lijibuni wenyewe.

Kiongozi wa wanafunzi, kwa niaba ya wenzake wa darasa la mwisho