Je, Ukristo Ulitungwa Nisea?

Yako maneno yanayozunguka siku hizi kwa simu za mkononi, nayo yamekwisha kutufikia hapa Izia na vijijini kote Ufipa. Husemwa kwamba Yesu alikuwa mwalimu tu kama walimu wengine. Kwamba mwaka 325 Kaisari Konstantino aliwakusanya maaskofu mjini Nisea, wakapiga kura ya kumfanya Mungu, wakachagua vitabu vilivyowapendeza na kuviteketeza vingine. Na kwamba dini hiyo, iliyotungwa na Wazungu, ndiyo tuliyoletewa ili tutawaliwe. Kijana akisikia hayo humwendea mzazi wake au katekista wa kigango. Mara nyingi hujibiwa, "Nyamaza, usimkufuru Mungu." Naye hunyamaza kweli, lakini moyoni amekwisha kukata shauri kwamba wakubwa wake hawana jibu.

Twaona kwamba kijana huyo hakutendewa haki. Aliyeuliza jambo la historia astahili kujibiwa kwa historia. Basi, wasomaji wapendwa, na tulichunguze neno hili pole pole.

Kwanza, palitokea nini Nisea? Mji huo ndio Iznik wa leo, katika nchi ya Uturuki. Ni kweli kwamba Kaisari ndiye aliyeuita Mtaguso, hilo tusilifiche. Lakini ugomvi wenyewe haukutoka kwake. Ulianzia Afrika, mjini Aleksandria, katika nchi ya Misri, kati ya Askofu Aleksanda na padre wake, jina lake Ario. Wala Ario hakusema kwamba Yesu ni mtu tu. Yeye naye alimwita Mwana wa Mungu, aliyekuwako kabla ya ulimwengu; ila alisema kwamba Mwana aliumbwa, na kwa hiyo si sawa na Baba. Swali lililokuwa mbele ya maaskofu ndilo hilo. Mwishowe waliokataa katakata kutia sahihi walikuwa maaskofu wawili tu, Teona na Sekundo, wote wawili wa Libya.

Na habari ya vitabu je? Kanuni 20 za Mtaguso ule tunazo hata leo. Zasema juu ya mwenendo wa mapadre, juu ya mamlaka ya maaskofu, juu ya kuwapokea waliomkana Kristo wakati wa mateso. Hakuna hata moja inayotaja orodha ya vitabu vya Biblia. Hadithi ya kuchagua vitabu yaonekana katika kitabu cha Kigiriki cha mwisho wa karne ya 9, yaani zaidi ya miaka 500 baada ya Mtaguso. Mfaransa Voltaire aliieneza katika karne ya 18 kwa kufanya mzaha. Na mwaka 2003 riwaya ya Mmarekani Dan Brown ilieneza ulimwenguni kote dai la kura na la Konstantino. Riwaya ni hadithi ya kutungwa, nayo haiwezi kuwa shahidi barazani.

Pili, tuangalie yaliyokuwako kabla ya Nisea. Barua za Mtakatifu Paulo ziliandikwa katika miaka ya 50, nazo zamwita Yesu Bwana. Yapata mwaka 112 liwali Mrumi, Plinio, alimwandikia Kaisari Trayano kwamba Wakristo hukutana kabla ya mapambazuko na kumwimbia Kristo kama Mungu. Plinio hakuwa Mkristo, bali aliwahukumu Wakristo wafe. Tena nchi aliyoitawala ni Bithinia, ambamo mji wa Nisea wenyewe umo. Basi katika nchi ile ile watu walikuwa wakimwabudu Kristo zaidi ya miaka 200 kabla ya Mtaguso.

Mwaka 180, huko Kartago, katika Afrika ya Kaskazini, Wakristo 12 wa Sili walikatwa vichwa. Walipoulizwa wamechukua nini katika sanduku lao, walijibu kwamba ni vitabu pamoja na barua za Paulo. Mwaka 203, mjini humo humo, waliuawa Perpetua na Felisita, ambao majina yao hutajwa katika Sala ya Ekaristi ya Kwanza, nao mabinti zetu wengi hubatizwa kwa majina hayo. Na mwaka 303 Kaisari Dioklesyano aliamuru Maandiko ya Wakristo yachomwe moto. Ikiwa vitabu vyetu vilitungwa mwaka 325, je, askari wake walichoma nini?

Tatu, ikiwa imani ya Nisea ilikuwa mali ya Konstantino, ingempasa kuilinda. Lakini mwaka 335 alimfukuza Atanasi, Askofu wa Aleksandria na mtetezi mkuu wa imani hiyo, akampeleka mbali hata Trier, mji ulio katika Ujerumani ya leo. Alipokaribia kufa, mwaka 337, Kaisari alibatizwa na Eusebio wa Nikomedia, rafiki wa Ario. Mwanawe Konstansyo akaendelea kumtesa Atanasi. Imani ya Nisea ilidumu ingawa makaisari waliipiga vita.

Nne, je, ni dini ya Wazungu? Ni kweli kwamba sisi wa Ufipa tuliipokea kwa mikono ya Mapadre Weupe, waliofika Karema mwaka 1885, na kwamba serikali za kikoloni zilikuja karibu wakati ule ule. Kijana anayeuliza juu ya hayo asikemewe, kwani ana haki ya kuuliza. Lakini aliyeleta habari si lazima awe ndiye aliyeitunga. Atanasi huyo huyo alimweka Frumensyo kuwa Askofu wa Aksum, katika Uhabeshi, na mfalme Ezana akatia msalaba juu ya sarafu zake katika karne ya 4. Na wale wasemao kwamba orodha ya vitabu ilikamilika baada ya Nisea wasema kweli. Ila waliofanya kazi hiyo walikuwa pia Waafrika. Atanasi aliandika orodha ya vitabu 27 vya Agano Jipya mwaka 367, nayo mikutano ya maaskofu wa Afrika huko Hipo mwaka 393 na Kartago mwaka 397 ilithibitisha orodha hiyo. Hata pale Karema, tangu mwaka 1889 hadi alipofariki mwaka 1956, katekista na mganga aliyewahudumia watu alikuwa Adriano Atiman, Mwafrika aliyetoka karibu na Timbuktu, naye aliwahi kuuzwa utumwani.

Tuchukue mfano wa kwetu. Mapokeo ya Milansi yasimulia juu ya wanawake wageni waliofika mtawala akiwa hayupo, na jinsi utawala wa Ufipa ulivyopita mikononi mwao. Mwanachuoni Mwingereza Roy Willis aliyachapisha katika kitabu mwaka 1981. Je, yuko mzee wa Milansi atakayekubali kwamba mapokeo hayo yalianza mwaka 1981? La, hasha! Siku jambo lilipotiwa wino si siku lilipozaliwa. Hivyo ndivyo ilivyo kwa Nisea.

Kwa hiyo twawasihi wazazi na makatekista: kijana akija na maneno ya namna hii, msimfukuze. Muulizeni maswali matatu. Nani aliyesema? Alisema lini, naye aliyajuaje? Na kabla ya tarehe hiyo palikuwa na nini? Msipojua jibu, semeni, "Tutalitafuta pamoja," kisha mwende kwa padre wenu, mkalitafute kweli. Njia ya mwongo ni fupi. Lakini hata njia hiyo fupi yataka mtu wa kuifuata hadi mwisho wake. Kijana aliyefuatana nasi katika kutafuta hatakuwa na sababu ya kudhani kwamba tunamficha kitu.